Chuma Kikitoka, Metali Nyingine Ikiingia: Kumbukumbu za Hemu kutoka Kilungu

Protini nyingi za wanyama na mimea haziwezi kazi zake zikiwa na asidi amino peke yake. Asidi amino zinazounda protini kwa kawaida ni za aina 20, na hakuna hata moja inayoshika oksijeni na kuiachilia, au kupokea elektroni na kuzitoa, kwa wepesi wa metali. Ndiyo maana protini hubeba ndani yake kiambata kidogo chenye metali, na kiambata hicho huitwa kofakta. Kofakta inayojulikana kuliko zote ni hemu: pete bapa ya kaboni na nitrojeni iitwayo porfirini, yenye atomi moja ya chuma katikati. Protini bandia zenye metali hupatikana kwa kuitoa kofakta ya asili na kuweka nyingine mahali pake, yenye kobalti, zinki, manganizi, rodiamu au iridiamu. Shabaha ni kuipa protini kazi ambayo haijapata kujulikana katika kiumbe chochote.

Mwezi wa Januari 2026 kundi la kwanza la wanafunzi wa mtaala wa umilisi liliingia Gredi ya 10 nchini Kenya, kila mmoja katika mkondo wake kati ya mitatu: ule wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati; ule wa sayansi za jamii; au ule wa sanaa na michezo. Katika milima ya Kilungu, kaunti ya Makueni, kama ilivyo kwingi, wazazi waliuliza kemia itamfaa nini mtoto aliyelelewa shambani. Swali hilo lilimrudisha mwandishi wa kumbukumbu hizi, mzaliwa wa huko, kwenye matukio machache ambayo wakati yanatokea hayakuonekana kuhusiana. Yote yalihusu atomi ya chuma iliyo ndani ya pete ya porfirini. Yakipangwa kwa mfuatano, yanafundisha kanuni inayobeba fani nzima ya protini bandia: metali hutoa uwezo, na protini inayoizunguka huamua uwezo huo utumike kwa kazi gani.

Tukio la kwanza ni la shule ya msingi, katika mvua za vuli, ambazo ndizo wakulima wa Ukambani huzitegemea zaidi. Mwalimu wa sayansi aliwapeleka wanafunzi kwenye shamba la shule, lililochimbwa matuta ya fanya juu kama mashamba mengine ya miteremko ya Kilungu, akawaagiza kila mmoja ang'oe mche wa kunde polepole, aukung'ute udongo, kisha apasue kwa ukucha vinundu vilivyoshikamana na mizizi. Vinundu vya miche iliyostawi vilikuwa vyekundu ndani, na ukucha ulibaki na doa kama la damu. Vya miche iliyodumaa vilikuwa vyeupe. Vya miche iliyokwisha kuzaa vilikuwa vimegeuka rangi ya kijani iliyochakaa. Mwalimu alisema kwamba kilicho chekundu ndicho kinachofanya kazi, akaendelea na somo.

Wekundu ule ni hemu. Mwaka 1939 mtafiti wa Japani, Kubo, alionyesha kwamba rangi ya vinundu vya soya inatokana na protini ya jamii ya hemoglobini, ambayo baadaye iliitwa leghemoglobini. Hemu yake haina tofauti na ya damu ya binadamu. Tofauti iko kwenye protini. Ndani ya kinundu wanaishi bakteria wanaogeuza nitrojeni ya hewani kuwa mbolea ya mmea. Kimeng'enya chao cha kazi hiyo, nitrojenasi, huharibiwa na oksijeni, na bakteria hao hao wanahitaji oksijeni ili wapumue. Leghemoglobini huishika oksijeni kwa nguvu, kisha huwafikishia bakteria kidogo kidogo, hivi kwamba ndani ya kinundu hakuna oksijeni huru ya kutosha kukidhuru kimeng'enya. Hemoglobini ya damu, kwa upande wake, hutakiwa kuipokea oksijeni kwenye mapafu na kuiachilia kwa wingi kwenye misuli. Pete ni moja na chuma ni kimoja, lakini utumishi ni wa namna mbili.

Nitrojenasi yenyewe inafundisha zaidi. Kofakta yake kuu ina chuma, salfa na atomi ya molibdenamu, na kwa kofakta hiyo bakteria huvunja nitrojeni katika joto la kawaida la udongo, ilhali viwanda vya mbolea hutumia nyuzi 400 hadi 500 za Selsiasi na kanieneo kubwa. Baadhi ya bakteria, kama Azotobacter, wakikosa molibdenamu udongoni hutengeneza nitrojenasi nyingine yenye vanadiamu. Mwaka 2010 kundi la Markus Ribbe huko Kalifonia liliripoti kwamba nitrojenasi ya vanadiamu inaweza pia kugeuza kaboni monoksidi kuwa haidrokaboni kama ethilini. Katika maumbile yenyewe, basi, badiliko la metali limekwenda pamoja na badiliko la kazi, na viumbe wamekuwa wakichagua metali kulingana na kile ambacho udongo unacho.

Tukio la pili ni la msimu wa baridi, mwezi wa Julai, wakati ukungu hukaa juu ya Nunguni hadi jua limepanda. Jirani mmoja aliingiza jiko la makaa chumbani, akaziba mlango na dirisha, akalala. Asubuhi alikutwa hana fahamu. Alitolewa nje kwenye hewa, akapelekwa hospitalini, na akapona. Watu wazima walisema ni moshi. Makaa yaliyoshika vizuri hayana moshi wa kuonekana. Kilichomwangusha ni kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayokaa kwenye chuma cha hemoglobini mahali pa oksijeni.

Hapo ndipo kazi ya protini inapoonekana kwa tarakimu. Hemu iliyo peke yake ndani ya myeyusho hushika kaboni monoksidi kwa nguvu inayozidi ile ya kushika oksijeni kwa zaidi ya mara 20,000. Hemu iliyo ndani ya hemoglobini huishika kwa nguvu ya takribani mara 200 tu. Mara 200 zinatosha kumuua mtu katika chumba kilichofungwa, lakini bila protini hata kiasi kidogo cha gesi hiyo ambacho mwili hujitengenezea wakati wa kuvunja hemu kuukuu kingekuwa hatari. Siri ni histidini moja, asidi amino iliyo upande wa pili wa mfuko wa protini unaoibeba hemu, ambayo huishikilia oksijeni kwa kiungo cha haidrojeni na haiipi kaboni monoksidi msaada huo kwa kiwango sawa. Aidha, hemu mbili zilizo huru zikikutana na oksijeni huungana, na chuma chake huoksidishwa kisiweze tena kubeba kitu. Protini huzitenga zisikutane. Aliyelala karibu na jiko aliokolewa na hewa safi. Lakini kwamba kulikuwa na muda wa kumwokoa ni kazi ya mfuko huo wa protini.

Tukio la tatu linajulikana na kila mtu wa Makueni na Kitui aliyekuwa na umri wa kukumbuka. Kati ya Januari na Juni 2004 sumukuvu katika mahindi ilisababisha mlipuko wa ugonjwa wa ini mashariki mwa Kenya. Wagonjwa 317 waliandikishwa na 125 kati yao walifariki, wengi wakiwa wa Makueni na Kitui. Mavuno yalikuwa haba, mvua zilinyesha wakati usio wake, na familia ziliweka mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba. Kuvu aina ya Aspergillus flavus akapata unyevu na joto alivyohitaji. Mwandishi, aliyekuwa amemaliza kidato cha nne, alimkuta nyanya yake amemwaga gunia zima juu ya mkeka uani, akitenga punje zenye ukungu wa kijani na zile safi. Afisa wa afya alisimama kando, akamwamkia, kisha akamwambia, "Nyanya, haya hayachaguliki. Sumu yake haionekani kwa macho, na hata ukiyachemsha haitoki." Gunia lote likaenda.

Miaka ilipita kabla mwandishi hajajifunza kilichokuwa kikitokea ndani ya maini ya wale waliokula. Aflatoksini B1, sumu ya kuvu huyo, kama ilivyo ndani ya punje haigusi jeni kwa urahisi. Ini huipokea kama linavyopokea dawa na kemikali nyingine ngeni, na kuikabidhi kwa vimeng'enya vya jamii ya saitokromu P450, ambavyo huitia atomi moja ya oksijeni ili iyeyuke na kutolewa mwilini. Kwa aflatoksini, tendo hilo la kusafisha huzaa epoksidi, molekuli kali inayong'ang'ania protini na DNA ya seli za ini. Aliyekula nyingi hupata madhara ya ghafla ya ini, na aliyekula kidogo kidogo kwa miaka huwa katika hatari ya saratani ya ini.

Saitokromu P450 ina hemu ileile ya vinundu na ya damu. Jina lake lilitolewa na Tsuneo Omura na Ryo Sato wa Japani mwaka 1962, kwa sababu inaposhika kaboni monoksidi hufyonza mwanga wa urefu wa wimbi wa karibu nanomita 450, jambo ambalo hemoglobini haifanyi. Sababu ya tofauti ni asidi amino inayokishika chuma kutoka chini. Katika hemoglobini ni histidini, inayotumia nitrojeni. Katika P450 ni sisteini, inayotumia salfa. Salfa hiyo hukisukumia chuma elektroni, na chuma hupata nguvu ya kupasua oksijeni na kuipachika hata kwenye kaboni iliyotulia kabisa. Msiba wa 2004 ulikuwa somo chungu la kanuni moja: chuma kinachosafirisha pumzi kikiwa kwenye damu ndicho kilichogeuza chakula kuwa sumu kali kikiwa kwenye ini, na kilichotenganisha kazi hizo mbili ni mazingira yake ndani ya protini.

Tukio la nne lilikuwa la zahanati. Jamaa wa kike wa mwandishi, akiwa mjamzito, alikwenda kliniki akilalamika uchovu. Muuguzi alivuta chini kope la jicho lake, akaona weupe, akampa vidonge vya chuma na asidi foliki, na kumwagiza asinywe chai pamoja na chakula. Mwili wa mtu mzima una chuma cha gramu 3 hadi 4 tu, na karibu theluthi mbili zake zimo kwenye hemoglobini. Kikipungua, damu huwa nyepesi, na hilo kila kliniki hulifundisha.

Lisilofundishwa sana ni kile mwili unachofanya na pete za porfirini zilizokosa chuma. Kimeng'enya ferokelatasi, ambacho kazi yake ni kuingiza chuma katikati ya pete, kikikosa chuma huingiza zinki. Matokeo yake ni zinki protoporfirini, na wingi wake kwenye chembe nyekundu za damu hutumiwa na maabara kama dalili ya upungufu wa chuma. Metali ya risasi ikiingia mwilini hali hiyo hutokea pia, kwa sababu huvuruga uingizaji wa chuma. Ni jambo la maana katika nchi ambayo wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walidhuriwa na risasi kutoka mtambo wa kuyeyusha betri kuukuu. Pete yenye zinki haibebi oksijeni. Chuma huweza kuipa oksijeni elektroni na kuirudisha kwake; zinki hubaki na chaji ileile na haiwezi mabadilishano hayo. Mwili wenye njaa ya chuma, kwa hiyo, hufanya badiliko lilelile ambalo wanakemia hulifanya kwa makusudi, na tofauti ni kwamba mwili hulifanya kwa kukosa.

Badiliko la makusudi mwandishi aliliona kwa macho katika maabara ya chuo kikuu jijini Nairobi. Protini iliyotumika ni mayoglobini ya moyo wa farasi. Mayoglobini ni ghala la oksijeni la misuli. Ni mnyororo mmoja wa asidi amino 153, na ndiyo protini ya kwanza kuchorwa umbo lake, kazi ya John Kendrew iliyochapishwa mwaka 1958 na kumpa Tuzo ya Nobeli mwaka 1962 pamoja na Max Perutz. Myeyusho wake ulikuwa na rangi ya kahawia iliyokoza. Chupa iliwekwa kwenye barafu, asidi ikadondoshwa tone kwa tone, kisha ikamiminwa butanoni baridi, kiyeyushi chenye harufu kali kama ya dawa ya kufutia rangi ya kucha. Baada ya kutikiswa na kuachwa itulie, chupa iligawanyika matabaka mawili. Rangi yote ilipanda kwenye tabaka la juu. Chini kulibaki maji maangavu yasiyo na rangi, na ndani yake protini iliyovuliwa hemu.

Njia hiyo ilielezwa na Teale mwaka 1959, na bado inatumika. Asidi hulegeza umbo la protini na kuing'oa histidini kwenye chuma, na hemu, isiyopenda maji, hukimbilia kwenye kiyeyushi. Protini iliyobaki ni dhaifu: ikipata joto huganda, kwa hiyo husafishwa asidi polepole mahali pa baridi hadi irudie umbo lake. Mfuko wake sasa uko wazi. Kwenye maabara ile iliongezwa zinki protoporfirini, na mfuko ukaipokea. Taa ya urujuanimno ilipowashwa, myeyusho uling'aa mwekundu, kitu ambacho mayoglobini yenye chuma haifanyi, kwa sababu chuma huzima nishati ya mwanga kabla haijatoka tena. Zinki, isiyofaa kabisa kwa kubeba oksijeni, imewafaa sana watafiti wa namna elektroni zinavyosafiri ndani ya protini, kwa kuwa zinki porfirini ikimulikwa hutoa elektroni na safari yake hupimika. Mwandishi alitoka hapo akiwa ameelewa kwamba metali isiyofaa kwa kazi moja huenda ndiyo inayotakiwa kwa nyingine.

Historia ya fani inathibitisha hivyo hatua kwa hatua. Mwaka 1970 Brian Hoffman na David Petering, huko Marekani, walirudisha hemoglobini na mayoglobini zikiwa na kobalti badala ya chuma. Protini hizo zilibeba oksijeni na kuiachilia, ingawa kwa nguvu ndogo kuliko za asili, na kobalti yake haikuwa na mvuto ule wa chuma kwa kaboni monoksidi. Mwaka 1976 Yamamura na Kaiser walitoa zinki kwenye kaboksipeptidasi, kimeng'enya cha kusaga protini utumboni, wakaweka shaba. Kikaacha kusaga na kikaanza kuoksidisha asidi askobiki, yaani vitamini C. Mwaka 1978 Wilson na Whitesides walifuata njia nyingine: hawakutoa kitu, bali walifunga kichocheo cha rodiamu kwenye biotini na kukiingiza ndani ya avidini, protini ya ute wa yai inayoishika biotini kwa nguvu isiyo ya kawaida. Thomas Ward huko Basel, Uswisi, aliikuza njia hiyo hadi ikawa tawi zima. Katika Japani, Takashi Hayashi wa Chuo Kikuu cha Osaka amebadilisha pete yenyewe, akitengeneza porfirini na jamaa zake zenye maumbo mapya na kuziingiza kwenye mayoglobini.

Kimeng'enya kingine kilichofunza mengi ni anhidrasi ya kaboni, ambacho zinki yake hugeuza kaboni dioksidi kuwa baikaboneti hadi mara milioni moja kwa sekunde. Kundi la Romas Kazlauskas huko Minnesota liliiondoa zinki. Mwaka 2006 liliripoti kwamba kimeng'enya hicho kikiwa na manganizi huweza kuingiza oksijeni kwenye viungo maradufu vya kaboni, na mwaka 2009 kwamba kikiwa na rodiamu huweza kuviongezea haidrojeni. Rodiamu na manganizi zina uwezo huo hata zikiwa nje ya protini. Protini huongeza kuchagua: inaielekeza molekuli ikae upande mmoja, na zao linalotoka huwa la umbo moja badala ya mchanganyiko wa maumbo mawili yanayotazamana kama mkono wa kulia na wa kushoto. Kwa dawa hilo ni jambo la uhai, kwa sababu umbo moja laweza kuponya na lingine likadhuru.

Hatua kubwa ilikuja mwaka 2016, wakati John Hartwig na Douglas Clark wa Chuo Kikuu cha Kalifonia, Berkeley, pamoja na wenzao, walipochapisha protini za hemu zenye metali adimu, na hasa iridiamu iliyobeba kikundi cha methili. Waliikwepa kazi ya kuivua protini kwa asidi. Waliwakuza bakteria wa E. coli katika chakula kisichoongezwa chuma, wakapata protini yenye mfuko mtupu tangu mwanzo, kisha wakaijaza pete waliyoitaka. Mayoglobini yenye iridiamu iliweza kuunganisha kaboni na kaboni mahali ambapo kwanza palikuwa na kiungo cha kaboni na haidrojeni, tendo ambalo mayoglobini yenye chuma haikuliweza. Mwaka huohuo walionyesha kwamba CYP119, P450 ya kiumbe mdogo wa chemchemi za moto, ikipewa iridiamu na kurekebishwa, hukaribia kasi ya vimeng'enya vya asili. Protini ya jamii ileile iliyoigeuza aflatoksini kuwa sumu sasa ilikuwa chombo cha kutengeneza molekuli kwa usahihi.

Kurekebisha huko hufanywa kwa uteuzi, na hapo mfano wa karibu ni mahindi ya Katumani. Kituo cha utafiti cha Katumani, Machakos, kilitafuta mahindi yanayokomaa mapema kabla mvua haijakatika, kikachagua mimea iliyowahi, kikaipanda na kuchagua tena, hadi mwaka 1968 kikatoa Katumani Composite B, mbegu iliyoenea Ukambani kote. Frances Arnold alifanya hivyo kwa vimeng'enya: kubadilisha jeni ya protini hapa na pale bila mpango, kuwafanya bakteria watengeneze kila aina, kupima ipi inafanya kazi vizuri zaidi, na kuanza upya na ile iliyoshinda. Njia hiyo ilimpa Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 2018. Kundi lake lilionyesha pia kwamba si lazima kila mara chuma kiondoke. Mwaka 2016 liliripoti saitokromu c ya bakteria wa chemchemi ya moto, yenye hemu yake ya asili, ambayo baada ya uteuzi iliunganisha silikoni na kaboni, kiungo ambacho hakijulikani kutengenezwa na kiumbe yeyote.

Vikwazo vipo, na vinaeleza kwa nini protini hizi bado ni za maabara zaidi kuliko za viwanda. Iridiamu ni miongoni mwa metali adimu kabisa kwenye gamba la dunia na bei yake ni kubwa. Seli hai zina glutathioni nyingi, molekuli ya salfa inayozishika metali ngeni na kuzizima. Bakteria hawana njia ya kawaida ya kuingiza kofakta wasiyoijua, kwa hiyo hulazimu kuwapa jeni za milango inayoipitisha hemu na jamaa zake. Kazi ya Berkeley iliyochapishwa mwaka 2021 ilivuka sehemu ya kizuizi hicho: E. coli waliofanyiwa uhandisi walitengeneza limonini, mafuta yenye harufu ya machungwa, na ndani ya seli hizohizo CYP119 yenye iridiamu ikaibadilisha kuwa molekuli mpya. Kiasi kilichopatikana kilikuwa kidogo, lakini ilithibitika kwamba metali ya mwanakemia inaweza kufanya kazi ndani ya kiumbe hai, sambamba na vimeng'enya vyake.

Mwelekeo wa sasa ni wa namna mbili. Wa kwanza ni kurudi kwenye metali za bei nafuu, yaani chuma, kobalti, manganizi na shaba, na kutafuta kazi mpya kwa kubadilisha pete au mfuko badala ya kutegemea metali za thamani. Wa pili ni kuunda protini yote upya kwa kompyuta, mfuko wake ukikatwa kwa kipimo cha kofakta inayokusudiwa. Tuzo ya Nobeli ya Kemia ya mwaka 2024, nusu kwa David Baker kwa kubuni protini na nusu kwa Demis Hassabis na John Jumper kwa kutabiri maumbo yake, inaonyesha jinsi njia hiyo ilivyokomaa.

Kwa shule za Kenya, hatua za mwanzo za elimu hii hazihitaji iridiamu. Mche wa kunde ulio shambani unatosha kuonyesha hemu, na spektrofotomita ya kawaida inatosha kuonyesha kwamba rangi yake hubadilika ikishika molekuli nyingine. Kuvua hemu kwenye mayoglobini kunahitaji barafu, asidi, butanoni, mahali penye hewa ya kutosha na msimamizi anayejua hatari zake. Kukuza bakteria na kubadilisha jeni kunahitaji maabara ya kibayolojia ya kiwango cha chuo kikuu, na maabara za namna hiyo zipo nchini. Kinachotangulia vyote hivyo ni masomo matatu yanayosomwa pamoja: kemia, inayoeleza metali inaweza nini, biolojia, inayoeleza protini imeiweka wapi, na hisabati, inayopima kwa nguvu gani na kwa kasi gani. Mwanafunzi anayeingia mkondo wa sayansi huku akilijua shamba, akilijua jiko na kuikumbuka hadithi ya 2004 aliyosimuliwa nyumbani tayari anayo maswali ya kweli ya kuyapeleka maabarani.